Pave za plastiki Bukavu: karakana 12 zilivyobaki 2

Majina yote yameondolewa, na kartie yenyewe, yaani mtaa, sitaitaja. Waliokuwemo watajitambua. Mimi nilikuwa upande wa waliofanya tathmini ya athari za mradi huu kwa mazingira, kwa hiyo sehemu ya makosa yaliyoandikwa huku chini ni yangu.

Hali ilivyokuwa

Mkaaji wa Bukavu hana haja ya kuelezwa habari za plastiki. Mvua ya saa moja ikipiga Kadutu, mto Kawa unakusanya sashe (mifuko ya plastiki), chupa, sandali zilizokatika na bido (madumu) zilizopasuka, unazishusha ziwani. Ziwa Kivu nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Ruzizi, na mto huo unaanzia hapa hapa mjini. Mbele kidogo ndipo lilipo bwawa la Ruzizi 1, lililojengwa miaka ya 1950. Takataka zikijazana mbele ya mitambo yake, umeme unapungua. Hata mtu asiyejali ziwa wala samaki, plastiki humfikia nyumbani kwa njia ya giza.

Leta, yaani serikali ya Kongo, ilikataza mifuko ya plastiki kwa dekreti ya Desemba 2017. Sokoni Kadutu, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, bado zinafungwa kwenye sashe nyeusi.

Katika hali hiyo, vijana tisa walianza kutengeneza pave, matofali ya kutandika uani na njiani. Ufundi waliupata kwenye simu. Walikuwa wameona video za Nzambi Matee wa Nairobi, aliyepewa na Umoja wa Mataifa tuzo ya vijana watetezi wa dunia mwaka 2020 kwa kazi ya aina hiyo. Unayeyusha plastiki, unachanganya na mchanga, unakandamiza kwenye kalibu, unaacha ipoe. Pave moja ya sentimita 20 kwa 10 ilikula karibu nusu kilo ya plastiki, yaani kama sashe 100 za sokoni. Mita moja ya mraba ni pave 50. Ukipiga hesabu hiyo mbele ya mfadhili, anaanza kutabasamu.

Kitu ambacho video za simu haziwezi kukupa ni mashine. Kule Nairobi plastiki inayeyushwa ndani ya mtambo na kukandamizwa kwa presi. Huku kwetu palikuwa na nusu ya pipa la chuma, mawe matatu, koleo, na bati moja juu la kuzuia mvua.

Mfadhili alikuja, akaona ua uliotandikwa pave, akazipiga kwa nyundo, hazikupasuka. Akapendekeza karakana 12 katika komini tatu, Ibanda, Kadutu na Bagira, kila moja ikitoa pave 200 kwa siku, zote zifunguliwe kabla ya mvua za Septemba. Fomu ya mradi ilikuwa na ukurasa mmoja wa mazingira. Mtu alikuwa ameandika hapo neno moja: «nzuri».

Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inataka mradi unaoweza kudhuru mazingira ufanyiwe utafiti wa athari kabla haujaanza. Lakini karakana moja ya uani, nani ataikagua? Kila moja peke yake ni kitu kidogo. Ni zile 12 kwa pamoja ndizo zilizokuwa jambo, na hizo 12 hazikuonekana popote isipokuwa kwenye bajeti. Mhasibu wa mfadhili, tena wala si mtu wa mazingira, ndiye aliyeuliza: makala, yaani makaa, ya kuyeyushia mbona hayamo kwenye hesabu? Swali hilo lilitupatia wiki sita za kufanya tathmini.

Wiki sita za ndoo na waya

Hatukuwa na maabara. Tulianza kwa kuchora karakana chini, kwa kijiti, na kuuliza: ni nini kinaingia, ni nini kinatoka, na kinatokea mlango gani? Tukapata milango minne: moshi, makala, mchanga, na maji ya mvua.

Moshi ndio uliotuchukua muda mwingi. Siku ya kwanza nilisimama mbali na pipa, na bado koo liliwasha hadi jioni. Kijana mmoja alinicheka: «Mzee, ata mama anapikaka na makala kila siku, moshi haiyaua mutu.» Sikumjibu. Nilitazama juu. Lile bati juu ya pipa lilikuwa limewekwa mwaka huo huo, na tayari lilikuwa na kutu nyekundu na matundu, wakati bati za nyumba ya jirani, za zamani zaidi, zilikuwa nzima. Moshi wa makala hauli bati namna hiyo. Unaokula bati ni ule wenye asidi, na asidi hiyo hutoka kwenye PVC, plastiki yenye klorini, ikipata moto.

Tukaanza kupekua magunia. Njia ya kwanza ni maji. Kata plastiki vipande, tia kwenye ndoo ya maji, koroga. Plastiki ya sashe, ya bido na ya magunia ya kufuma ni nyepesi kuliko maji, inaelea. PVC na chupa za maji ya kunywa ni nzito, zinazama. Mtego wa kwanza: kipande chembamba cha plastiki yoyote kinaweza kukaa juu ya maji kwa sababu tu ni chepesi kama jani, kwa hiyo tia sabuni kidogo, ukoroge tena. Mtego wa pili ni lile povu gumu jeupe la kufungashia televisheni. Linaelea vizuri sana, lakini ni kwa sababu limejaa hewa. Hilo tuliliondoa kwa macho.

Njia ya pili ni waya wa shaba. Chukua waya wa umeme, uuvue ngozi kwa kisu. Usiichome, maana ngozi hiyo yenyewe ni PVC. Pasha waya kwenye mwali safi wa gesi hadi mwali usionyeshe rangi. Gusisha waya ungali moto kwenye kipande cha plastiki, kisha urudishe motoni. Mwali ukigeuka kijani, klorini imo. Tulifanyia nje, upepo ukienda upande mwingine, mara chache tu, kwa sababu jaribio lenyewe linatoa sumu kidogo.

Vipande vya bomba vilitoa kijani. Zulia la plastiki la sebuleni, kijani. Kisha msichana mmoja wa kikundi akaleta sandali ya plastiki inayong'aa, zile za watoto wa shule wakati wa mvua. Mwali uligeuka kijani kibichi kama jani la sombe. Wote wakanyamaza. Sandali hizo ndizo walizokuwa wakizipenda kuliko vyote, kwa sababu zinayeyuka upesi na kulainisha mchanganyiko.

Chupa za maji nazo zilikuwa na kisa chao. Hazina klorini, lakini huyeyuka kwenye joto la digrii 250 hivi, wakati plastiki ya sashe na bido huyeyuka kati ya 110 na 135. Vijana walikuwa wakiona chupa hazijalainika, wanaongeza makala, na kila kilichokwisha kuyeyuka kinaanza kuungua. Moshi mweusi uliokuwa ukipanda hadi kwa majirani ulitoka hapo.

Mlango wa makala ulikuwa rahisi kupima. Tulipima kwa mizani ya sokoni siku nne mfululizo, na kilo moja ya makala ilitoa pave tano, kuzidi au kupungua kidogo. Karakana 12 zikitoa pave 200 kila moja, hiyo ni kilo 480 za makala kwa siku. Nyumbani kwangu tunapikia kilo mbili kwa siku. Mradi wa kuokoa ziwa ungekula makala ya familia 240, katika mji ambao sehemu ya makala yake hutoka kwenye misitu ya Kahuzi-Biega, hifadhi ya tangu 1970, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1980, na ambayo tangu 1997 iko kwenye orodha ya zile zilizo hatarini. Mhasibu alikuwa ameuliza habari ya pesa tu. Swali lake lilifika mbali kuliko alivyodhani.

Mchanga tuliupitia haraka. Wachimbaji walikuwa wakiuchukua chini ya mtelemko ambao tayari una nyufa. Tulibadilisha mahali pa kununua, bei ikapanda kidogo, basi.

Maji ya mvua yalitukwamisha. Wiki sita zote zilikuwa za kiangazi. Tulimwaga bido za maji juu ya pave, tukakinga kwa kitambaa cheupe, na hatukupata chochote cha maana. Ingekuwa rahisi kuandika «hakuna athari». Mmoja wetu alikataa kutia sahihi. Alisema bido moja ya maji si mvua ya Oktoba, na hakuna pikipiki iliyopita juu. Tukaomba muda zaidi, mfadhili akakunja uso, akatupa mwezi na nusu.

Mvua zilipoanza, tulitandika pave mahali pawili: kwenye ua tambarare, na kwenye njia ya mtelemko inayopitwa na pikipiki. Chini ya kila mahali tulifunga kitambaa kwenye mdomo wa mfereji. Baada ya wiki tatu, kitambaa cha uani kilikuwa na udongo na majani. Cha mtelemko kilikuwa na chembe za rangi, ndogo kuliko punje ya ulezi. Unajuaje kama ni plastiki? Unapasha sindano, unagusa chembe. Mchanga unakaa kimya. Plastiki inajikunja na kushika sindano. Tuligusa chembe moja moja juu ya meza jioni nzima, na nyingi zilijikunja. Zilikuwa zinatoka pembeni mwa pave, mahali ambapo mchanganyiko haukukorogwa vizuri.

Maana yake ni kwamba sashe ambayo ingeshuka ziwani ikiwa nzima, na ambayo mtu angeweza kuiokota siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, ilikuwa inashuka ikiwa unga.

Tuliamua nini, na kwa nini

Kabla ya kuamua tulijibana kwa swali moja: plastiki hii isipoyeyushwa, inakwenda wapi? Haikai kabatini. Nusu inashuka na maji, nusu inachomwa jioni kwenye mifereji, sandali na zote, bila ndoo wala waya. Kwa hiyo kusema «acheni kabisa» kungekuwa kurudisha moshi ule ule mtaani, mahali ambapo haumwingizii mtu faranga. Baadhi yetu tulitaka kupiga marufuku, na nakiri hata mimi siku ya sandali nilikuwa upande huo.

Tulikubaliana karakana mbili, si 12. Idadi hiyo ilitokana na makala: mbili zinakula kilo 80 kwa siku, na tulipata muuzaji wa makala ya mikaratusi iliyopandwa upande wa Kabare ambaye angeweza kutoa kiasi hicho, si zaidi. Mfadhili alidhani ni woga. Ilikuwa hesabu.

Kinachoelea tu ndicho kiingie motoni, baada ya sabuni. Kinachozama kiwekwe kwenye magunia, kando. Pipa lipewe mfuniko, bomba refu la moshi na kipimajoto, na joto lisivuke digrii 200. Anayekoroga abadilishwe kila saa.

Pave ziuzwe kwa ajili ya nyua tambarare na vibaraza, zisiuzwe kwa njia za mtelemko. Katika Bukavu, mji wa vilima hivi, sharti hilo lilikuwa kama kumwambia mvuvi asivue usiku. Theluthi ya oda ilikuwa ya njia za mtelemko, ikapotea.

Sharti la mwisho lilitoka kwa mama mmoja mteja, wala si kwetu. Alituita akatuonyesha mahali anapoweka mbabula yake. Pave mbili chini ya jiko zilikuwa zimebonyea kama mkate uliokaliwa. «Baba, munatuuzia majiwe ao munatuuzia mafuta?» aliuliza. Tulikuwa tumepima moshi, makala na mvua, na hakuna aliyekumbuka kwamba plastiki inawaka. Tangu siku hiyo kila mnunuzi anaambiwa: si jikoni.

Yaliyotokea baadaye

Mfadhili alitoa pesa za karakana mbili na kurudisha zilizobaki kwenye mfuko wake. Karakana hizo zilifanya kazi msimu mzima wa mvua. Kikohozi kilipungua kwa maneno ya vijana wenyewe. Hatukupima mapafu ya mtu. Bati jipya juu ya pipa halikupata matundu, na kwangu huo ndio ushahidi ninaouamini zaidi. Faida ilishuka kwa sababu kuchambua kunakula masaa, na watu wawili kati ya tisa waliondoka.

Mmoja wa hao wawili alifungua karakana yake ng'ambo ya bonde. Pipa lile lile, mawe matatu, bila mfuniko. Anaweka kila kitu. «Ule wa ng'ambo anaweka byote», ndivyo wateja walivyotuambia, na hawakulalamika, kwa sababu pave zake zilikuwa bei rahisi na ziliuzwa hata kwa njia za mtelemko. Kabla mvua hazijaisha tulihesabu moshi wa aina hiyo mahali pengine patatu ukisimama kwenye kilima chetu.

Nyuma ya karakana zetu, magunia ya vilivyozama yalikuwa yakipandana hadi yakafika kwenye dirisha.

Kilichofaa na kilichotushinda

Vilivyofaa vilikuwa vitu vya bei ndogo: ndoo, sabuni, waya, sindano, mizani. Vilifaa kwa sababu vijana walivishika wenyewe. Ripoti yetu ya kurasa 31 sidhani kama kuna aliyeimaliza, lakini ile sandali ya kijani ilisimuliwa kartie nzima. Hata hivyo waya una mpaka wake. Unakuambia klorini ipo, haukuambii dioksini, sumu inayozaliwa plastiki ya klorini ikiungua, ni kiasi gani, na dioksini zimo kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa 2001 kwa sababu hazitoki mwilini wala udongoni upesi. Kipimo hicho hatukukipata, na hatukuandika popote kwamba moshi ule ni salama. Tuliandika kwamba umepungua.

Kilichofaa pia ni ule ukaidi wa kungoja mvua. Kama tungeisha na kiangazi, pave zingetandikwa kwenye mitelemko ya komini tatu, na chembe zake zingekuwa njiani kuelekea Ruzizi na Tanganyika, mita 690 chini yetu.

Tulishindwa kwenye jambo ambalo halikuwa kwenye mchoro wa siku ya kwanza. Tulitathmini pipa letu, na sheria zetu, na watu wetu waliofundishwa. Hatukutathmini pipa la jirani. Teknolojia hii haikuhitaji mradi ili isambae. Ilihitaji mtu mmoja apite barabarani aone pipa, moto, kalibu na mteja anayelipa. Masharti yetu hayaonekani barabarani. Karakana 12 tulizozizuia zilikuwa angalau na daftari. Nne zilizoota zenyewe hazina.

Hili halikuwa geni duniani, na tungeweza kulikumbuka. Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watu walikuwa wakiyeyusha risasi ya betri za magari uani kwa miaka, kazi ya wachache. Bei ya risasi ilipopanda, wengi wakaanza kuchekecha hata mchanga wa mtaa kutafuta mabaki, na kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Ufundi ulikuwa ule ule wa zamani. Kilichobadilika ni idadi ya mikono.

Nikirudia kazi hii leo, nitatembea mtaani kabla ya kukaa na kikundi. Nitauliza nani mwingine ana pipa, nani anaiga, na akiiga ataacha nini kwa sababu kinamgharimu. Kwetu jibu lilikuwa wazi tangu mwanzo, kama tungeuliza: ataacha kuchambua.

Tulivuka bonde siku moja ya Jumamosi, baada ya salongo, mimi na yule msichana wa sandali, tukiwa na ndoo na waya. Hatukwenda kugombana. Mwenye karakana alitupokea vizuri, akatupa viti, akatuangalia tukifanya majaribio yote mawili, akaona kijani. Akaomba afanye mwenyewe, akapata kijani tena. Aliosha mikono, akakaa kimya kidogo.

«Mzee, ndoo nitaikamata», alisema. «Sasa ile yenye kuzama, munainunuaka ngapi?»

Hatukuwa na bei.